Mgeni au mwenyeji? Kocha tumtakaye ni yule atakayekaa

Jioni katika mji wa Garissa, jua linapopunguza makali yake na chai ya maziwa inapoanza kumiminwa vikombeni, hakuna mjadala unaowapandisha watu mori kama ule wa kocha. Siasa huzungumzwa kwa tahadhari, kwa sababu kila aliyeketi ana ukoo wake, na kila ukoo una mtu wake. Bei ya ngamia huzungumzwa kwa siri, kwani mfanyabiashara hatangazi faida yake. Lakini kocha ni mali ya wote. Mchungaji aliyekuja mjini kuuza mnyama, mwanafunzi wa chuo kikuu, dereva wa lori liendalo Mandera na karani wa kaunti, wote wana haki sawa ya kusema ni nani apewe timu na ni nani anyang'anywe.

Sisemi haya kwa kubeza. Shabiki asiyebishana si shabiki, ni mpita njia. Ninalosikitikia ni kwamba ubishi huu mwingi na mtamu tumeuelekeza upande mmoja tu. Tunabishana usiku kucha juu ya kiti kimoja kilichoko Nairobi, ilhali viti vya hapa kwetu, katika shule na vyuo vya Garissa, Wajir na Mandera, vimekaa vitupu kwa miaka, na hatuulizi ni nani atakayevikalia.

Hebu kwanza tuutazame ubishi wenyewe. Desemba 2024 Mturuki Engin Firat alijiuzulu ukocha wa Harambee Stars baada ya timu kushindwa kufuzu kwa Kombe la Mataifa ya Afrika la 2025. Tangu siku hiyo hadi Machi 2025, alipoteuliwa Benni McCarthy wa Afrika Kusini, nchi nzima ilikuwa kamati moja kubwa ya uteuzi. Kila baraza lilikuwa na orodha yake. Na kama ilivyo desturi yetu, hoja zilipokwisha watu walikimbilia methali, na methali hizo zikawagawa mashabiki pande mbili.

Wa upande wa kwanza walisema: mgeni njoo, mwenyeji apone. Hawa walitaka kocha wa kigeni, na hawakukosa ushahidi. Walikumbusha kwamba Mjerumani Reinhard Fabisch ndiye aliyeifikisha Kenya katika fainali ya Michezo ya Afrika Nzima mwaka wa 1987, tulipofungwa na Misri 1-0 mbele ya umati wetu wenyewe. Walimtaja Adel Amrouche aliyetupa ubingwa wa CECAFA mwaka wa 2013, na Mfaransa Sébastien Migné aliyetupeleka Misri katika Kombe la Mataifa ya Afrika la 2019. Na baadaye, mwezi wa Agosti 2025, McCarthy alipozishinda DR Congo, Morocco na Zambia katika mashindano ya CHAN na kufika robo fainali, kabla ya kutolewa na Madagascar kwa mikwaju ya penalti, upande huu ulitembea mjini ukiwa umeinua vichwa.

Upande wa pili ulijibu kwa methali yake: mcheza kwao hutunzwa. Nao pia walikuwa na vielelezo. Marshall Mulwa, mtoto wa nchi hii, alitwaa ubingwa wa Afrika Mashariki na Kati mara tatu mfululizo, 1981, 1982 na 1983. Jacob Mulee, ambaye wengi humwita Ghost, ndiye aliyekuwa kwenye benchi kule Tunisia mwaka wa 2004, tulipoifunga Burkina Faso 3-0 na kupata ushindi wetu wa kwanza kabisa katika Kombe la Mataifa ya Afrika. Na Francis Kimanzi ndiye aliyeifikisha Kenya katika nafasi ya 68 duniani Desemba 2008, nafasi ya juu kuliko zote ambazo nchi hii imewahi kuifikia katika orodha ya FIFA.

Sasa, ndugu msomaji, mtu mwenye haki akizipima hoja hizi mbili atafanya nini? Atakuta kila upande una taji lake na una aibu yake, na mizani haiinami kuliko na mgeni wala kuliko na mwenyeji. Sababu ni kwamba swali lenyewe limeulizwa vibaya. Kipo kipimo kingine ambacho hakuna upande unaokitaja, nacho kimelala katika historia hiyo hiyo tunayoitumia kurushiana maneno.

Tazama yaliyompata Kimanzi. Baada ya kuipandisha timu hadi nafasi hiyo ya 68, Januari 2009 alifukuzwa. Mahali pake akaletwa Mjerumani Antoine Hey, ambaye Novemba mwaka uo huo aliondoka kabla ya mechi ya mwisho ya kuwania Kombe la Dunia, timu ikiwa inaingoja Nigeria. Kuanzia mwaka huo hadi mwisho wa 2012, kiti hicho kilikaliwa na watu wasiopungua sita: Hey, Twahir Muhiddin, Mulee, Zedekiah Otieno, Kimanzi kwa mara nyingine, na Mfaransa Henri Michel aliyedumu kwa miezi tu. Paul Put, Mbelgiji, alishinda CECAFA Desemba 2017 na kufikia Februari 2018 alikuwa ameshaaga. Hapo wamo wageni na wamo wenyeji. Hawakufanana rangi, lugha wala ujuzi. Walifanana katika jambo moja: hakuna aliyekaa muda wa kutosha kumwona kijana wa miaka kumi na saba akigeuka kuwa mchezaji wa miaka ishirini na miwili.

Tena pupa ya kuwaondoa ina gharama. Amrouche alipofutwa mwaka wa 2014 kabla ya mkataba wake kwisha, alishtaki, na mwisho wa kesi Shirikisho la Kandanda nchini likajikuta linadaiwa zaidi ya shilingi milioni 100. Fedha hizo zingewasomesha makocha wangapi wa mikoani? Wala ugonjwa huu si wetu peke yetu. Kule Marekani, ambako timu za vyuo vikuu za mpira wa miguu wa namna yao hufuatwa na mashabiki kwa wazimu unaozidi hata huu wetu, Chuo Kikuu cha Texas A&M kilimfuta kocha wake Jimbo Fisher Novemba 2023, na kwa mujibu wa mkataba kikalazimika kumlipa zaidi ya dola milioni 75 ili aende zake. Mwenye mali anaweza kujinunulia pupa. Maskini hana ruhusa hiyo.

Hapa ndipo nataka tuihamishe mikeka yetu, tuache kuitazama Nairobi, tujitazame.

Mchezaji hazaliwi katika timu ya taifa. Huzaliwa mtaani, hulelewa shuleni, na hukomazwa chuoni au katika klabu. Shule ya upili ya Kakamega ilipopata sifa ya kutoa wachezaji hadi jina la Green Commandos likaimbwa nchi nzima, haikuwa kwa sababu watoto wa Kakamega wana miguu zaidi ya miwili. Palikuwa na walimu wa michezo waliokuwako mwaka baada ya mwaka, wakawajua wanafunzi kwa majina, wakajua yupi ana haraka ya kupiga na yupi ana woga wa kugongwa. Sasa uliza: katika lile lililokuwa Jimbo la Kaskazini Mashariki, eneo lenye zaidi ya kilomita mraba 120,000, ni wachezaji wangapi wa humu ambao jina lao limeandikwa katika kikosi cha Harambee Stars? Huhitaji vidole vingi kuhesabu. Na vipaji tunavyo. Atakayepita katika viwanja vya mchanga vya Garissa saa kumi na moja jioni ataviona kwa macho yake.

Tunachokosa ni mtu wa kukaa navyo, na sababu za kumkosa zinajulikana, ingawa zinauma kuzitaja.

Kwa miaka mingi kocha katika shule zetu alikuwa mwalimu, na mwalimu aghalabu alikuwa mtu wa kutoka mbali: Kisii, Machakos, Busia, Murang'a. Ndiye aliyekuja na filimbi, akagawa timu, akachora mistari ya chokaa juu ya mchanga. Novemba 2014 basi lilitekwa karibu na Mandera na watu 28 wakauawa, wengi wao wakiwa walimu waliokuwa wakirudi makwao kwa likizo. Tarehe 2 Aprili 2015 Chuo Kikuu cha Garissa kilishambuliwa, na watu 148 wakapoteza maisha, walio wengi wakiwa wanafunzi. Februari 2018 walimu waliuawa huko Qarsa katika Kaunti ya Wajir. Januari 2020 walimu watatu waliuawa Kamuthe, Kaunti ya Garissa, na Tume ya Walimu, TSC, ikawaondoa walimu wasio wenyeji kutoka sehemu kubwa ya kaunti zetu tatu.

Magazeti yaliandika, na ilikuwa haki yaandike, kwamba madarasa yamebaki bila walimu wa hisabati na fizikia. Halikuandikwa sana kwamba siku ile ile viwanja navyo vilibaki bila makocha. Kila basi lililoondoka na mwalimu liliondoka pia na filimbi yake. Mwanafunzi aliyepoteza mwalimu wa hisabati aliweza walau kubaki na kitabu. Aliyepoteza kocha hakubaki na kitu, kwani ukocha hausomwi peke yako chini ya mgunga.

Wapo watakaosema kwamba kocha ni anasa, na kwamba mkoa wenye kiu ya maji na uhaba wa walimu hauna haki ya kulilia mpira. Nawaheshimu, lakini sikubaliani nao. Chuo Kikuu cha Garissa kilifunguliwa tena Januari 2016, na mwaka wa 2017 kikapata hati ya kuwa chuo kikuu kamili. Humo husoma wenyeji wa hapa na watoto waliotoka bara na pwani. Wauaji wa 2015 waliwatenga wanafunzi kwa dini, wakawaua Wakristo. Ni mahali gani katika chuo ambapo kijana wa Vihiga na kijana wa Elwak hulazimika kutegemeana, mmoja akikimbia kwa imani kwamba mwenzake atampa pasi? Darasani kila mtu hufanya mtihani wake. Msikitini na kanisani kila mtu huenda kwake. Uwanjani hawana budi kuwa kitu kimoja, na anayewafanya kuwa kitu kimoja ni kocha. Atakayeiita kazi hiyo anasa hajafikiri vyema juu ya maana ya usalama.

Basi tukiafikiana kwamba kocha anahitajika, tumtafute vipi? Hapa mashabiki wetu wa Garissa nao wamegawanyika, na mgawanyiko wao ni mkali kuliko ule wa Nairobi.

Wako wanaosema kocha wa timu ya chuo au ya kaunti sharti awe mtoto wa hapa, anayejua Kisomali, anayejua kwamba mwezi wa Ramadhani mazoezi hufanywa usiku baada ya tarawehe, na kwamba saa nane mchana katika joto la Garissa huwezi kumkimbiza binadamu uwanjani. Maneno haya yana uzito. Wako wanaosema aletwe mtu wa kutoka nje, kwa sababu mwenyeji hatakuwa huru: akimweka benchi mtoto wa fulani, jioni wazee watakuwa mlangoni kwake. Maneno haya nayo yana uzito. Na wako, ingawa hawalisemi kwa sauti, wanaotaka kocha awe wa ukoo wao, na iwapo hawezi kuwa wa ukoo wao, basi asiwe wa ukoo wa jirani.

Juu ya hili la mwisho tuseme ukweli bila kutafuna maneno. Tumezoea kugawana. Katika uchaguzi wa 2013 wazee wa Mandera walikaa wakaamua mapema ni ukoo upi uchukue kiti kipi, na wako waliousifu mpango huo kwa kuwa uliepusha damu. Siwezi kuwalaumu waliotafuta amani. Lakini kiti cha siasa hugawanywa kwa sababu kina mali ndani yake, na mali yaweza kugawanywa. Ukocha una kazi ndani yake, na kazi haigawanywi kwa zamu. Yeyote kati yetu aendaye mnadani kununua ngamia hamuulizi ngamia ukoo wa mwenyewe. Humtazama meno, miguu na nundu, akauliza amezaa mara ngapi na hustahimili kiu siku ngapi. Yawaje tunatumia akili nyingi hivyo kumchagua mnyama, kisha tukimchagua mtu wa kuwalea watoto wetu tunauliza jina la babu yake wa saba?

Kati ya wanaomtaka mwenyeji na wanaomtaka mgeni, msimamo wangu ni huu: kipimo cha kwanza kiwe kukaa. Nitatoa mfano kutoka nchi hii hii. Mwaka wa 1976 Ndugu Colm O'Connell, mtawa kutoka Ireland, alifika Iten kufundisha jiografia katika shule ya upili ya St Patrick's. Hakuwa kocha wa riadha, wala hakuja kwa ajili ya riadha. Lakini alikaa. Akaangalia, akajifunza, akakosea na kurekebisha, na akaendelea kukaa. Katika mikono yake alipita Peter Rono, aliyetwaa dhahabu ya mita 1500 katika Olimpiki ya Seoul mwaka wa 1988, na miaka mingi baadaye akapita David Rudisha, bingwa wa mita 800 wa London 2012 na Rio 2016. Swali la kama Ndugu Colm ni mgeni au mwenyeji lilikufa lenyewe, kwa sababu alikaa hadi likakosa maana. Methali yetu nyingine inasema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Kocha mgeni anayekubali kushika jembe huyo amekwisha kuwa wetu, na mwenyeji anayeuacha uwanja kila inapotangazwa nafasi ya ukarani ofisini huyo ndiye mgeni.

Najua jibu litakalotolewa: Iten si Garissa. Huko juu kuna baridi na amani, huku kuna jua na hatari. Ni kweli, na sitamwomba mtu yeyote auhatarishe uhai wake kwa sababu ya mpira. Hatuna haki ya kumwambia mwalimu wa kutoka Kitui akae mahali ambapo wenzake walizikwa, ikiwa hatuwezi kumlinda. Mwenye kutaka kukaa alindwe, akaribishwe, apewe nyumba mahali palipo na watu. Lakini kwa kuwa hatuwezi kumlazimisha, hatuna budi kuwatengeneza watu wetu wenyewe ambao hawana kwingine pa kwenda. Hilo si jambo lisilowezekana. Chama cha michezo cha vijana wa Mathare, MYSA, kilichoanzishwa Nairobi mwaka wa 1987, hakikungoja makocha waletwe mtaani kwa basi. Kiliwafundisha vijana wa mtaa uo huo kuwa makocha na waamuzi wa wadogo zao, na katika mizizi hiyo ikachipuka Mathare United, iliyotwaa ubingwa wa ligi kuu mwaka wa 2008 ikiongozwa na Kimanzi yule yule tuliyemtaja.

Basi nina mapendekezo manne, nayo nayaweka mbele ya wakuu wa vyuo, wa kaunti na mashabiki wenzangu.

La kwanza, kila chuo chetu, kikiwemo Chuo Kikuu cha Garissa na Chuo cha Kitaifa cha Ufundi cha North Eastern, kitangaze nafasi ya kocha hadharani kama kinavyotangaza nafasi ya mhadhiri, na kiandike kwenye tangazo kinachotakiwa: cheti, umri wa uzoefu, na ahadi ya kukaa miaka isiyopungua mitatu. Mkataba ufunge pande zote mbili. Kocha asiondoke ovyo, na chuo kisimfukuze kwa sababu ya kufungwa mechi mbili za ugenini. Timu ya Mandera inayosafiri zaidi ya kilomita 600 kuja kucheza Garissa, juu ya barabara tunazozijua, imekwisha kucheza nusu ya mechi kabla ya filimbi kulia. Mwenye kumhukumu kocha wake asisahau barabara hiyo, wala asisahau kwamba mwishoni mwa 2023 mafuriko ya Tana yalikata hata njia ya lami iendayo Nairobi.

La pili, kaunti zetu tatu ziwasomeshe vijana ukocha. Ngazi za vyeti vya Shirikisho la Kandanda la Afrika zinajulikana: huanza na D, kisha C, B, na A. Cheti cha D hakimhitaji mtu kuwa bingwa, chamhitaji kuwa na nia na siku chache za masomo. Kila kocha atakayeletwa kutoka nje awe na wasaidizi wawili wenyeji, na iwe sehemu ya mkataba wake kuhakikisha wanapanda ngazi. Siku atakapoondoka, filimbi ibaki.

La tatu, tukomeshe mchezo wa kusukumiana wajibu. Katiba ya 2010, katika Jedwali la Nne, imezipa serikali za kaunti jukumu la michezo na viwanja vyake, lakini shule za upili na vyuo vikuu zimebaki chini ya serikali ya taifa. Matokeo yake, kocha wa shule ni yatima wa baba wawili. Kaunti husema huyo ni wa TSC, na TSC husema imemwajiri kufundisha kemia. Hapana sheria inayoikataza kaunti kumlipa posho kijana mwenye cheti ili afundishe mpira katika shule tatu za jirani. Fedha ziko. Tunaziona kila uchaguzi unapokaribia, yanapozuka mashindano ya vikombe yenye jina la mwanasiasa, jezi mpya na mbuzi wa washindi. Baada ya kura jezi huchakaa na kikombe huwekwa kabatini. Bei ya mashindano mawili kama hayo yatosha kumlipa kocha mmoja kwa mwaka mzima.

La nne linawahusu binti zetu. Tangu mwaka wa 2014 sheria za kandanda duniani zimemruhusu mchezaji kuvaa hijabu uwanjani, kwa hiyo udhuru ule wa mavazi haupo tena. Wazazi wengi niliowasikia hawakatai binti acheze. Wanachouliza ni nani atakayemfundisha na wapi. Hilo ni swali la haki, na jibu lake ni kocha mwanamke. Katika kila vijana watatu tutakaowapeleka kusomea cheti, mmoja awe msichana. Tusipofanya hivyo tutakuwa tumelitupa nusu ya kapu kabla ya kuchagua matunda.

Mashabiki wenzangu, nguvu mliyo nayo si ndogo. Mwaka wa 2025 makelele ya mashabiki yalijaza uwanja wa Kasarani kila Stars waliposhuka dimbani katika CHAN. Septemba 2023 Kenya, Uganda na Tanzania zilipewa haki ya kuandaa Kombe la Mataifa ya Afrika la 2027, na kelele za kila aina zimefuata. Naomba sehemu ndogo tu ya sauti hiyo ielekezwe hapa. Tuufikishe ubishi wa barazani katika mikutano ya kaunti ya kujadili bajeti, ambako sheria inawataka watusikilize. Tumuulize mwakilishi wetu wa wadi si kwamba ataleta mipira mingapi, bali kwamba ni makocha wangapi watakuwa wamepata vyeti kabla ya muhula wake kwisha. Tumuulize mkuu wa chuo timu yake ina kocha kwa mkataba au kwa bahati.

Na akishapatikana kocha huyo, awe wa Kisii au wa Bura, awe wa ukoo huu au ule, tumpe muda. Mti wa mwarobaini tunaokalia chini yake kila jioni haukutoa kivuli mwaka ulipopandwa. Kuna mtu aliumwagilia maji asiyoyaoga, akauzungushia miiba mbuzi wasiutafune, akangoja. Vijana wetu wa Garissa, Wajir na Mandera wamepandwa mchangani miaka mingi bila ua. Tuwatafutie mtu wa kuwazungushia miiba, kisha tumwache angoje.